Tulirudi Iyula Kulipa Deni la Chakula

Mtu akirudi mahali alipolelewa baada ya miaka mingi, je, anarudi kama mwenyeji au kama mgeni? Swali hili tulisafiri nalo sisi dada wawili, kutoka Dar es Salaam hadi Iyula, mwezi wa Juni mwaka 2024. Tulikuwa hatujakanyaga Iyula kwa miaka 28.

Iyula ni kata ya wakulima katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Wenyeji wake ni Wanyiha, na zao lao kubwa la biashara ni kahawa. Sisi si Wanyiha. Baba yetu alikuwa mwalimu, akahamishiwa huko kutoka Tanga mwaka 1984, nasi tukakaa hadi mwaka 1996 alipohamishwa tena. Hatukuacha shamba Iyula, wala hatuna kaburi la ndugu huko. Tuna jambo moja tu linalotufunga na mahali pale: tulilishwa huko.

Mama yetu alifariki mwezi wa Novemba 2023. Katika siku zake za mwisho alirudia mara kwa mara neno moja. Alisema, "Nendeni Iyula mkamshukuru Bibi. Mimi nimechelewa." Tulijua anasema juu ya nini.

Majuma sita ya mwaka 1992

Mwaka 1992 mama aliugua, akapelekwa hospitali Mbeya mjini, akalazwa majuma sita. Baba alilazimika kwenda na kurudi. Mshahara wa mwalimu siku hizo, kama wengi mnavyokumbuka, ulichelewa, na ulipokuja haukutosha. Mmoja wetu alikuwa na umri wa miaka 10, na mwingine miaka 7.

Jirani tuliyepakana naye alikuwa mama mtu mzima ambaye watoto wote wa pale tulimwita Bibi. Jioni ya siku ile mama alipochukuliwa, Bibi alikuja, akafunga mlango wetu kwa kamba, akatushika mikono na kutupeleka jikoni kwake. Hakutuuliza kama tuna chakula nyumbani. Alituonyesha mahali pa kukaa kwenye mkeka, akatusogezea maji ya kunawa.

Kwa majuma sita tulikula pale. Tulikula ugali wa mahindi na maharage, au ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi kabla ya kwenda shule. Bibi alikuwa na watoto sita wake mwenyewe, nasi tukafanya wanane. Tulikula katika sinia moja, na mboga aligawa Bibi kwa mkono wake, akianza na wadogo, ili mkubwa asimpokonye mdogo. Hakuna siku aliyotugawia kidogo kuliko watoto wake. Watoto huona mambo ya namna hiyo haraka, na kama ingetokea tungekumbuka hadi leo.

Mama alipopona na kupata fedha kidogo, alinunua debe la mahindi akampelekea Bibi. Siku ileile jioni debe likarudi, limebebwa kichwani na kijana wa Bibi, pamoja na ujumbe: "Chakula cha watoto hakina bei. Utanilipa siku utakapokuja kunitembelea." Ulikuwa kama mzaha, kwa maana nyumba zilikuwa hatua ishirini tu. Lakini mama hakuuchukua kama mzaha. Tulipohama mwaka 1996, tukapanda treni ya TAZARA kuelekea pwani, alituambia garini, "Nimeondoka na debe la watu."

Alituma barua tatu au nne, kisha maisha yakatubana, na barua zikakoma.

Safari

Kwa bahati nzuri, mtu wa Mbozi tuliyekutana naye Dar es Salaam alitusaidia kupata namba ya simu ya mjukuu wa Bibi. Tulifurahi mno kusikia kwamba Bibi yu hai, amevuka miaka 80, na bado anakwenda shambani kwa miguu yake. Tulimwambia kijana yule kwamba tunakuja. Habari za kifo cha mama hatukusema. Tuliona kwamba habari kama hiyo haipelekwi kwa simu kwa mtu mzee.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Anayekwenda Mbozi kwa basi hupita Morogoro, hukatiza mbuga ya Mikumi, hupanda milima ya Iringa, hupita Makambako, kisha hufika Mbeya usiku akiwa amechoka. Tulilala Mbeya. Asubuhi tulipanda basi dogo kwenye barabara kuu ielekeayo Tunduma, tukifuatana na malori marefu yanayokwenda Zambia na Kongo. Tulipoishi sisi, eneo hili lote lilikuwa Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, na makao makuu yake ni Vwawa.

Tuliiacha barabara kuu kabla ya kufika Vwawa, tukaingia njia ya Iyula. Hewa ilikuwa ya baridi, kama ilivyo kawaida ya Juni kwenye nyanda zile za juu. Tulishangaa kuona jinsi mabati yalivyochukua mahali pa nyasi, na jinsi nyumba za matofali ya kuchoma zilivyoongezeka. Pembeni mwa mibuni tuliona miparachichi michanga ambayo zamani haikuwapo kwa wingi kiasi kile. Hata hivyo udongo mwekundu ulikuwa uleule, na mikahawa ilikuwa imebeba matunda mekundu.

Katika mizigo yetu tulikuwa na mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, vitenge viwili, na bahasha yenye fedha. Fedha zile tulizipigia hesabu kwa uangalifu. Zilitosha kununua debe la mahindi mara nyingi.

Siku ya kwanza: kuku na viti

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu wangu. Karibuni. Ingieni ndani."

Tulidhani tutaingia jikoni, lakini tukaingizwa sebuleni. Palikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na meza iliyotandikwa. Wifi yetu, mke wa kitinda mimba wa Bibi, alituletea maji ya kunawa, akatumiminia huku amepiga goti. Ukaletwa wali, akaletwa kuku, zikaletwa na soda mbili. Kila mmoja wetu aliwekewa sahani yake na kijiko chake. Kijana wa nyumba akaombea chakula, kisha wote wakatoka wakatuacha tule.

Bibi alisema ameshakula. Tulipoinua macho tuliona watoto wadogo watatu wakichungulia kwenye pazia, kisha wakaitwa jikoni kwa sauti ya chini. Hapo tukakumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyokuwa tukichungulia kwenye pazia la nyumba ileile, wageni wa Bibi walipokuwa wakila.

Akina mama wenzetu, ninyi mnajua gharama ya mlo kama ule. Kuku yule hakununuliwa sokoni. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa mtetea aliyekuwa akitaga. Tulikula kwa sababu kukataa kungekuwa dharau, lakini chakula kilishuka kwa taabu.

Baada ya kula, Bibi alikuja kukaa nasi. Aliuliza habari za baba, tukamwambia yupo Tanga, ila miguu haimruhusu kusafiri. Aliuliza habari za waume zetu, za watoto wetu, na za kazi. Aliuliza bei ya unga Dar es Salaam. Jina la mama hakulitaja. Tulitazamana. Tulidhani labda uzee umemsahaulisha, na, tukisema kweli, tulishukuru kwamba usiku ule hatukulazimika kujibu.

Siku ya pili: tunatembezwa kama watalii

Asubuhi tuliomba kwenda jikoni kumsaidia wifi kuosha vyombo. Tulikataliwa kwa upole. "Wageni hawaingii jikoni," alisema. Badala yake mjukuu wa Bibi na rafiki yake walitupakia kwenye pikipiki mbili wakatupeleka kuona Kimondo cha Mbozi.

Mtaona ajabu, lakini katika miaka yote 12 tuliyoishi Mbozi hatukuwahi kukiona. Mwenyeji ana kuni za kutafuta na maji ya kuchota, naye hukiacha cha kuonwa kimngoje. Kimondo kipo Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani katika zama ambazo hakuna aliyeziandikia kumbukumbu. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Karibu sehemu tisa katika kumi zake ni chuma, na nyingi ya zilizobaki ni nikeli. Wenyeji walikifahamu tangu zamani, lakini kwa ulimwengu wa nje kilianza kujulikana mwaka 1930, na baadaye udongo ukachimbwa kukizunguka ili kionekane chote.

Tulikigusa kwa mikono. Kilikuwa baridi. Tulipiga picha kama wapigavyo watu waliotoka mbali, na kijana akatueleza mambo ya Mbozi polepole, kama aelezavyo mtu kwa wageni. Alikuwa na adabu sana. Hakujua kwamba mahali alipozaliwa baba yake ndipo tulipojifunza kusuka ukili na kuchambua maharage.

Jioni tukakuta nyama ya ng'ombe mezani. Tulipokuwa tukinawa, tulimsikia mtoto mmoja kule jikoni akipaza sauti kwa furaha: "Leo tena kuna nyama!" Akanyamazishwa mara moja. Usiku ule, tukiwa kitandani chini ya blanketi mbili, tulisemezana kwa muda mrefu. Tumekuja kulipa deni, nasi tunaliongeza. Tena tumekula mezani pa Bibi mara nne bila kumwambia kwamba mama hayupo. Tulikubaliana kwamba kesho tutasema, hata iweje.

Siku ya tatu

Kulipopambazuka tulisikia mlio wa ndoo. Tulipofungua mlango Bibi alikuwa amesimama uani, amejifunga khanga kiunoni, na ndoo mbili tupu miguuni pake.

"Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi jembe silo langu tena. Shikeni ndoo."

Wapendwa, hatujui kama tumewahi kupokea kitu kwa furaha kama tulivyopokea ndoo zile.

Tulikwenda kuchuma kahawa pamoja na wifi na vijana. Bibi alitukumbusha kazi kama anayefundisha watoto. Chuma tunda jekundu tu, liache la kijani litaiva kwa wakati wake. Usikwanyue tawi, kwa maana mwakani ndilo litakalozaa. Mibuni mingi tuliyoijua zamani ilikuwa imeng'olewa kwa ajili ya ugonjwa wa chulebuni. Mahali pake pamepandwa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zilizotokana na utafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ambayo ina kituo chake Mbimba, mlemle wilayani Mbozi.

Ni kazi ya subira. Inahitajika kama kilo 5 za matunda mekundu kupata kilo 1 tu ya kahawa kavu ya ganda, nayo ni lazima imenywe ganda la nje siku ileile, ivundikwe, ioshwe, ianikwe juu ya vichanja, igeuzwe, na kufunikwa umande unapoanguka. Kufika saa sita mchana mikono yetu ilikuwa imekwaruzwa, na ndoo zetu hazikufikia hata nusu ya zile za wifi. Watoto walitucheka waziwazi. Siku mbili zilizopita wasingethubutu.

Mchana tuliketi na Bibi kwenye turubai uani, tukichambua matunda mabichi yaliyochanganyika na mabivu. Mmoja wetu akajikaza akasema, "Bibi, kuna jambo hatujakuambia. Ni kuhusu mama."

Bibi hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua. Akasema, "Nilijua tangu mlipoingia mlangoni. Mama yenu asingewatuma peke yenu kwangu angali hai. Na ninyi mlikuja na mizigo mingi."

"Mbona hukutuuliza, Bibi?"

"Mlikuwa mmetoka njiani. Mtu haulizwi msiba na njaa. Nilisema wale kwanza, walale, wapate nguvu. Watakapoweza watasema wenyewe."

Ndipo akajifunika kichwa kwa khanga yake, akalia bila sauti. Nasi tukalia. Wifi akatoka jikoni, akaketi karibu nasi pasipo kuuliza neno.

Deni la nani?

Baada ya muda tulimletea Bibi ile bahasha. Tulimwambia ni ujumbe wa mama, kwamba hakulisahau debe lile, wala majuma yale sita. Bibi alitutazama kama watu wanaosema lugha asiyoifahamu.

"Debe gani?" aliuliza. "Mama yenu hakuwa na deni kwangu. Mimi ndiye mwenye deni kwake."

Akamtuma mjukuu ndani. Kijana akarudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na daftari la shule lililochakaa na karatasi nyingi ndogo zilizofungwa kwa uzi. Karatasi zilikuwa stakabadhi za kahawa, za miaka na miaka. Na katika daftari tuliona mwandiko tunaoujua kuliko mwandiko wowote duniani. Ulikuwa wa mama. Juu ya kila ukurasa aliandika mstari mmoja wa herufi au tarakimu, na chini yake mkono mwingine, mzito na wa kutetemeka, ulikuwa umenakili.

Bibi akatusimulia. Alipoolewa hakujua kusoma. Alipofiwa na mumewe, mwaka mmoja baada ya sisi kufika Iyula, alilazimika kupeleka kahawa mwenyewe kwenye mizani. Alipewa karatasi, akaiweka, asijue imeandikwa kilo ngapi. Mama alilitambua hilo. Hakumtangazia mtu. Kila jioni, sisi tukiwa tumelala, alikwenda jikoni kwa Bibi na kibatari, wakaketi kando ya mafiga. Walianza na tarakimu, wakafuata na jina la Bibi, kisha maneno ya kahawa: kilo, daraja, bei, jumla. Iliwachukua msimu mzima.

"Tangu hapo nimesoma stakabadhi zangu mwenyewe," alisema Bibi. "Watoto sita nimewasomesha kwa kahawa hiyo. Sasa ninyi mnasema ugali wa majuma sita? Ningewezaje kuwaacha mlale na njaa?"

Mama hakuwahi kutuambia habari hizi. Si kwamba alificha. Tunaamini alisahau, kwa kuwa kwake halikuwa jambo kubwa. Alikumbuka ugali aliopewa, akasahau herufi alizotoa. Na Bibi vilevile, alikumbuka herufi, akausahau ugali. Kwa miaka yote hiyo kila mmoja wao aliishi akijiona ndiye mdaiwa wa mwenzake.

Tulibaki na aibu kidogo. Sisi tulikuja na hesabu ya bei ya mahindi.

Jikoni

Habari zikapita nyumba hadi nyumba. Jioni majirani walianza kuingia, mmoja ana unga kwenye ungo, mwingine ana kuni, mwingine fungu la majani ya maboga. Wazee wachache walimkumbuka "mama wa mwalimu". Hakuna aliyeitwa. Walikuja kama watu wanavyokwenda msibani, ijapokuwa mazishi yalifanyika mbali na miezi saba ilikuwa imepita.

Safari hii tuliingia jikoni pasipo kuomba ruhusa. Wifi alitupa majani tuyamenye nyuzi. Kwa wale wasiojua namna ya kuyapika: chagua majani machanga ya maboga, vuta nyuzi kuanzia kwenye kikonyo, yasugue kidogo kwa mikono, yakate, kisha yachemshe kwa maji machache. Yakilainika tia nyanya na chumvi, halafu mimina karanga zilizotwangwa na kuchanganywa na maji ya vuguvugu, koroga kwa moto mdogo mpaka mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Ni mboga ya bei ndogo na yenye afya.

Tuliimba wimbo, mzee mmoja akaomba, kisha tukala. Wengi wa majirani wale ni Wamoravian. Kanisa hilo lilifungua misheni yake Mbozi mwaka 1899, miaka minane baada ya kuanza Rungwe. Wamoravian wana desturi ya zamani ya karamu ya upendo, ambapo watu hula chakula chepesi pamoja huku wakiimba. Chanzo chake ni siku moja ya Agosti mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, ambapo watu waliotoka kanisani hawakutaka kuachana, wakaletewa chakula wakale pamoja. Jioni ile kwa Bibi haikuwa ibada, na hakuna aliyeiita kwa jina hilo. Lakini watu walikuwa hawataki kuachana, na chakula kilikuwapo.

Tulikaa kwenye mkeka. Hapakuwa na vijiko. Bibi alishika bakuli la mboga akaanza kugawa kwa mkono wake, kama zamani, kuanzia mtoto mdogo kuliko wote. Aligawa kwa watoto hadi akamaliza, ndipo akafika kwetu. Hatukuwa wa kwanza tena. Tulipoona hivyo, tulijua tumefika.

Debe

Tuliondoka siku ya tano. Fedha za bahasha Bibi alizikataa, mpaka tulipomwambia kwamba si malipo bali ni rambirambi zetu kwake, kwa kuwa naye amefiwa. Hapo akazipokea, akampa wifi anunue daftari na kalamu za wajukuu. Vitenge alivipenda.

Mizigo yetu ilipofungwa, kijana akatokea nyuma ya nyumba amebeba kichwani debe la mahindi, limejaa hadi shingoni. Tulipinga. Tulisema Dar es Salaam unga upo, na basi litatutoza mzigo.

"Chukueni," alisema Bibi. "Mtanilipa siku mtakapokuja kunitembelea."

Tulilichukua. Mahindi yale tuliyasaga mjini, na unga wake ukatufikisha karibu mwisho wa Julai. Katika mtaa mmoja wetu anamoishi kuna watoto watatu ambao mama yao hujifungia na wagonjwa wa zamu ya usiku, arudi asubuhi. Tulikuwa tukiwapita kila jioni wakiwa wamekaa kizingitini. Siku hizi hula kwetu jioni za zamu. Mama yao alikuja juzi na kilo mbili za sukari, na tulijikuta tukicheka, kwa maana tulilijua jibu.

Ndugu msomaji, labda na wewe kuna mji au kijiji ulichowahi kuishi, si kwa kuzaliwa bali kwa kazi, kwa ndoa, au kwa shida, na kuna jiko huko lililokulisha. Kama aliyekulisha yu hai, nenda. Usingoje uwe na mizigo mingi kama sisi tulivyongoja, maana mama yetu alingoja hivyo hivyo. Ukifika utapewa kuku, nawe mle kwa shukrani. Lakini usiondoke siku ya pili. Kaa mpaka upewe ndoo.

Sisi tumekubaliana kurudi Iyula katika msimu wa kuchuma, safari ijayo na watoto wetu. Lile debe tupu tumeliosha, tumeliweka juu ya kabati jikoni, tunaliona kila tunapopika.